"Kioo ni kioo": uongo unaouzwa gereji

Nimechoka. Nimechoka kabisa na sentensi moja ambayo nimeisikia hapa Myanga, nikaisikia Bungoma mjini, nikaisikia hata Kitale nilipopeleka kompyuta za shule fulani: "Kioo ni kioo." Inasemwa na fundi aliyeshika kikata kioo, mbele ya gari lenye mlango ulio wazi, na mwenye gari anaitikia kwa kichwa kwa sababu bei aliyotajiwa imemfurahisha. Leo naacha mambo ya programu kidogo (ndugu zangu wa programu vumilieni, tutafika huko, maana ndani ya mlango wa gari mna programu pia) niseme wazi: kioo si kioo. Anayekata kioo cha dirisha la nyumba akakipachika kwenye mlango wa gari hajatengeneza dirisha. Ametundika kisu karibu na shingo ya abiria.

Najua kuna watakaosema natia chumvi. Ngoja kwanza.

Kioo cha nyumba hupozwa polepole kiwandani ili ndani yake kusibaki mvutano wowote. Ndiyo maana kinakatika vizuri: unakichora mstari, unakigonga kidogo, kinafuata mstari. Na ndiyo maana kikivunjika kwa bahati mbaya kinatoa vipande virefu vyenye ncha, vile ulivyoviona tangu utoto mpira ulipoingia sebuleni kwa jirani. Kioo cha mlango wa gari huanza hivyo hivyo. Hukatwa umbo lake, hutobolewa matundu yake, hulainishwa kingo. Halafu hupashwa moto hadi zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi, hupindwa kufuata tumbo la mlango, kisha hupulizwa hewa kwa nguvu pande zote mbili. Ngozi ya nje inaganda kwanza. Sehemu ya katikati inapopoa baadaye inataka kusinyaa, lakini ngozi imekwisha ganda, basi inaivuta. Matokeo yake ni kwamba nje kumebanwa na ndani kunavutwa, milele, hata gari likiwa limeegeshwa chini ya mwembe.

Huo ubanaji wa nje ndio unaokifanya kistahimili mlango unaofungwa kwa kishindo na barabara zetu hizi. Na huo mvutano wa ndani ndio unaokifanya, siku kikishindwa, kisambaratike chote kwa mpigo kuwa punje ndogo kama mahindi. Punje hizo zinaweza kukukwaruza. Hazikuchomi kama mkuki.

Watu walilijua jambo hili kabla hawajalielewa. Karne ya 17 Prince Rupert alipeleka Uingereza matone ya kioo yaliyopozwa ghafla ndani ya maji, na mwaka 1661 yakaonyeshwa kwenye Royal Society ya London. Kichwa cha tone hilo unaweza kukigonga kwa nyundo kisivunjike, lakini ukivunja mkia wake mwembamba tone zima linakuwa unga. Mwaka 1874 Mfaransa aitwaye de la Bastie alipata hataza ya kukaza kioo kwa kukichovya kikiwa na moto. Kwa hiyo si teknolojia ya jana, jamani.

Sasa fikiria mkia wa lile tone halafu jiulize: kioo kilichokwisha kukazwa kinakatwaje? Hakikatwi! Ukikigusa kwa kikata kioo mpaka ukapita ile ngozi, kinamwagika chote mezani. Kila kitu hufanywa kabla ya moto. Basi fundi akikuambia, "Nimekukatia kioo original cha gari," muulize alikikata vipi. Au alikata kioo cha nyumba, au alikata kipande cha kioo cha mbele kilichokuwa kimetupwa. Hakuna njia ya tatu.

Hicho kipande cha kioo cha mbele nikisemee, maana sitaki kuwaonea watu. Kioo cha mbele si cha kukazwa namna hii. Ni vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa pamoja na tabaka la plastiki katikati, na kinaweza kukatwa. Kikivunjika, vipande hubaki vimeng'ang'ania plastiki. Kwa hiyo fundi anayetumia hicho ana akili kidogo kuliko yule wa kioo cha nyumba. Lakini mpindo wake si wa mlango wako, kingo zake zilizokatwa kwa mkono ni dhaifu, maji yanaingia kati ya matabaka na baada ya muda kioo kinaanza kuwa na ukungu mweupe pembeni. Na wale wa Perspex? Perspex ya dukani inakwaruzika kila inapopanda na kushuka, usiku taa za lori zikikupiga huoni kitu. Tena haivunjiki kirahisi, wanaisifia hivyo. Gari likisombwa na maji ndipo utajua hiyo si sifa.

Kuna kanuni ya Umoja wa Mataifa kuhusu vioo vya magari, namba 43. Kioo kilichokazwa hupelekwa maabara, kikavunjwa makusudi, kisha wanahesabu vipande ndani ya mraba wa sentimita 5 kwa 5. Vikipungua 40, kioo kimefeli. Arobaini! Chukua kisanduku cha kiberiti ukiweke juu ya karatasi upate picha ya ukubwa wa eneo hilo, halafu ulinganishe na kioo cha dirisha la jikoni kilichovunjika, ambacho eneo kama hilo linaweza kuwa na kipande kimoja tu, tena kipande hicho kinaendelea mpaka nje ya mraba.

Jirani yangu hapa Myanga ni mwalimu wa shule ya msingi. Ana Toyota Fielder ya mwaka 2008 aliyoinunua kwa mkopo wa sacco mpaka akakonda. Siku moja alikuwa ameegesha kando ya barabara, jiwe likarushwa na gurudumu la lori la Malaba, likavunja kioo cha mlango wa nyuma upande wa dereva. Fundi mmoja (simtaji, na wala hayuko peke yake) akamwambia, "Mwalimu, usijisumbue kwenda kutafuta Bungoma. Kioo ni kioo. Nipe elfu moja mia tano, saa nane njoo uchukue gari." Na kweli saa nane gari lilikuwa tayari, limeoshwa hata. Kioo chenyewe kilikuwa bapa kama meza. Mlango una tumbo, kioo hakina, kwa hiyo juu kulibaki upenyo wa kupitisha kidole, ukazibwa kwa silikoni. "Usikishushe tu, Mwalimu."

Wiki tatu baadaye mke wa mwalimu alifunga mlango ule akiwa na mizigo ya soko mkononi. Hakuupiga kwa hasira. Kioo kikaachana. Niliitwa, nikaenda kusaidia kuokota. Kipande kimoja kirefu kuliko kiganja changu kilikuwa kimesimama kwenye povu la kiti, pale pale anapokaa mtoto wao wa gredi ya pili. Mtoto alikuwa bado ndani ya nyumba anatafuta kiatu.

Mimi sitaki uhai wa mtoto utegemee kiatu kilichopotea. Ndiyo hasira yangu yote hiyo.

Na kibaya zaidi, kujua kama kioo ni sahihi hakuhitaji maabara. Kunahitaji macho. Nenda sasa hivi kwenye gari lolote uangalie pembe ya chini ya kila kioo. Kuna mhuri. Utaona jina la kiwanda, pengine Asahi, pengine Nippon Sheet Glass, pengine Saint-Gobain au Fuyao. Kwenye milango mara nyingi utaona neno TEMPERED au herufi T. Utaona duara lenye E na namba: 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 11 ni Uingereza, na 43 ni Japani. Hapo watu huchanganyikiwa, kwa sababu pembeni kunaandikwa pia 43R, ambayo ndiyo ile kanuni niliyoitaja, haina uhusiano na Japani. Bahati nasibu tu ya namba. Vioo vya soko la Marekani vina herufi DOT, pamoja na AS1 kwa kioo cha mbele na AS2 kwa vioo vingine. Kioo kisicho na mhuri wowote ni kioo kisicho na wazazi. Mwulize aliyekileta kimetoka wapi.

Kwa mwalimu suluhisho lilikuwa la kawaida kabisa: kioo kilichotolewa kwenye gari lingine la aina ile ile. Biashara ya spea za mitumba kutoka Japani imejaa nchi nzima, kuanzia Kirinyaga Road kule Nairobi mpaka vibanda vya Bungoma na Kitale. Lakini hapa pia akili inahitajika. Fielder ya 2000 hadi 2006 na Fielder ya 2006 hadi 2012 zina jina moja tu, milango yake ni mingine. Kulia si kushoto. Nenda na namba ya chesisi, nenda na picha za matundu ya kioo na umbo lake, na kama kuna mlango wa upande wa pili, upime huo. Mwalimu alipata chake Bungoma kwa elfu nne. Ukijumlisha na ile elfu moja mia tano ya kwanza, na siku mbili za kukaa bila gari, utaona "bei rahisi" ilimpeleka wapi.

Basi kioo kimepatikana. Hapa ndipo fundi wa pili naye hutuangusha, hata akiwa na kioo halisi, kwa sababu anadhani kazi ni kuingiza kioo. Kioo kilichokazwa kikivunjika, nusu ya punje huanguka ndani ya mlango. Huko chini kuna matundu madogo ya kutolea maji. Watu wengi hawajui kwamba mlango wa gari umeundwa ili maji yaingie! Mvua ikipiga kioo, maji yanateremka, mengine yanapita raba, yanashuka ndani ya mlango na kutoka kwenye matundu hayo. Punje zikiyaziba, maji yanakaa, bati linaoza kutoka ndani. Na kwa mvua zetu za magharibi, zile za karibu kila alasiri, hiyo si nadharia. Punje nyingine hukwama kwenye mikanda ya raba anakopita kioo, zikachora kioo kipya mstari kila kinapopanda. Nyingine huingia kwenye nyaya na magurudumu madogo ya mashine ya kupandishia, ikakwama, halafu lawama apewe Mjapani.

Kwa hiyo kabla ya kioo kipya kuguswa, paneli ya ndani ya mlango itoke. Skrubu zake hufichwa, moja nyuma ya mkono wa kufungulia, nyingine chini ya pale pa kuvutia mlango, na ukiona hazitoki usivute kwa nguvu kama unang'oa muhogo, kuna iliyobaki. Klipu za pembeni zikiachia, paneli huinuliwa juu, soketi za swichi zikachomolewa. Nyuma yake utakuta nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi inayonata. Ibandue polepole uitunze. Nimeona mafundi wakiichana na kuitupa kana kwamba ni karatasi ya kufungia mkate. Ile nailoni ndiyo inayozuia maji ya ndani ya mlango yasihamie kwenye kapeti. Gari lenye harufu ya mbwa aliyelowa, mara nyingi kuna mtu aliitupa ile nailoni. Tena kuna magari ambayo kihisi cha mfuko wa hewa wa pembeni hupima shinikizo la hewa ndani ya mlango ili kujua kama umegongwa. Ukiacha tundu kubwa hapo umevuruga kipimo.

Kisha fyonza punje zote, kwa mashine ya kufyonza vumbi, mpaka ukitikisa mlango usisikie kitu. Toa na zile zilizobaki zimebanwa kwenye vishikizo vya kioo cha zamani. Vaa glovu. Kioo kipya kinaingia kikiwa kimeinamishwa, kinakaa kwenye mikanda ya raba mbele na nyuma, bolti zinafungwa kwa mkono tu kwanza. Kinapandishwa taratibu, kinajipanga chenyewe juu, ndipo bolti zinakazwa kwa kiasi, na zile raba za kinga kati ya chuma na kioo ziwe zimerudishwa mahali pake. Chuma kikigusa kioo moja kwa moja, kumbuka mkia wa lile tone. Pandisha na ushushe mara kadhaa kabla paneli haijarudi. Kazi yote ni asubuhi moja kwa mtu asiye na haraka.

Sasa ile programu niliyoahidi.

Kitale niliwahi kumkuta mama mmoja muuza vitenge akibishana na kijana wa gereji. Kioo cha mlango wa dereva wa Toyota yake kilikuwa kimebadilishwa vizuri kabisa, lakini kubonyeza mara moja kikapanda chenyewe hakukuwezekana tena, na taa ndogo ya kwenye swichi ilikuwa inapepesa. "Mota imekufa, Mama. Elfu sita." Mota haikuwa imekufa. Ilikuwa imesahau! Nikamwomba funguo, nikawasha swichi ya gari, nikashusha kioo nusu, nikavuta swichi mpaka kioo kikafunga, nikaendelea kuishikilia juu sekunde mbili hivi. Taa ikatulia. Kioo kikaanza kupanda chenyewe kama zamani. Elfu sita ya mama ikarudi kwenye mkoba.

Hakuna uchawi hapo. Kwenye mota yenye uwezo huo kuna sumaku inayozunguka na kihisi kinachohesabu mizunguko. Kikompyuta kidogo kinajua kioo kiko wapi kwa kuhesabu, kuanzia sehemu moja kinayoiamini: juu kabisa, kioo kikiwa kimefunga. Tena kinapima kasi. Mizunguko ikipungua kasi ghafla katikati ya njia, kinaelewa kuna kitu kimebanwa, mkono au shingo ya mtoto, kinageuza mota kioo kishuke. Kanuni za Marekani na za Umoja wa Mataifa zinataka kioo kinachojipandisha kigeuke kabla nguvu haijazidi newtoni 100, kama uzito wa kilo 10 hivi. Ukichomoa betri au kubadilisha mashine ya kioo, mara nyingi hesabu inapotea. Kikompyuta kwa busara kinakataa kupandisha kioo chenyewe mpaka uonyeshe tena juu ni wapi. Huko ndiko kupepesa kwa taa. Ni programu inayosema "sijui niko wapi, sitaki kuumiza mtu", na fundi anaitafsiri kuwa mota mbovu. Magari mengine yana utaratibu tofauti kidogo, kitabu cha gari kinaueleza, na mengi ya daraja letu yana uwezo huu mlango wa dereva peke yake.

Mbaya kuliko wote ni yule anayekata waya na kuunganisha swichi moja kwa moja na mota. Kioo kinapanda, ndiyo. Kinapanda bila kuuliza kuna nini njiani. Mtu wa programu angeiita hiyo kufuta ukaguzi wa makosa ili ujumbe wa kosa usionekane, na wenzangu, msijifanye hamjawahi kuona wanaofanya hivyo katika kazi yetu. Tuna ugonjwa ule ule: kitu kikifunguka mara moja bila kulalamika, tunakitangaza kimekamilika.

Kuna wanaonijibu kwamba hii ni hadithi ya matajiri, kwamba mwananchi wa kawaida hana elfu nne. Mwananchi huyo huyo alilipa elfu moja mia tano kwa kitu kilichodumu wiki tatu. Kama hela haipo leo, funika mlango kwa nailoni ngumu na utepe, endesha polepole, abiria wakae upande wa pili, tafuta kioo mwezi ujao. Nailoni haichomi mtu. Na kama una bima kubwa, soma karatasi zake, nyingi zina kipengele cha vioo chenye kikomo chake cha fedha, na watu wanalipia mwaka baada ya mwaka bila kukijua. Bima ya mtu wa tatu haitakulipia kioo chako, hilo usijidanganye.

Wengine wanasema nawaonea mafundi wa jua kali. Hapana. Nimeona mafundi wa Myanga wakifufua injini ambazo gereji za mjini zenye vigae sakafuni zilizikataa. Mtu mwenye akili hiyo anajua kabisa tofauti ya vioo hivi viwili. Mara nyingi anakata cha nyumba kwa sababu mteja amemwambia "fanya ya bei ya chini" bila kuuliza ya chini ni ipi. Basi uliza. Mwambie akuonyeshe mhuri kabla hajafungua skrubu ya kwanza, na akuonyeshe zile punje alizozitoa ndani ya mlango kabla hajarudisha paneli. Ziwe kwenye ndoo, uzione. Mlango mmoja hutoa nyingi kuliko unavyodhani, na fundi asiye na ndoo hakusafisha.

Jambo la mwisho, kwa wenye magari ya karibuni. Siku hizi baadhi ya magari yana vioo vya milango vya matabaka kama kile cha mbele, ili kupunguza kelele na kuzuia abiria wasirushwe nje. Hapo usiweke cha kukazwa kwa sababu kinaingia, soma mhuri kwanza. Na zile nyundo ndogo za kuvunjia kioo wakati wa dharura hazisaidii kwenye vioo hivyo: chama cha magari cha Marekani, AAA, kilijaribu vifaa sita mwaka 2019, vinne vikavunja kioo kilichokazwa, na hakuna hata kimoja kilichovunja cha matabaka. Ujue mapema ni mlango gani wa gari lako unavunjika.

Haya, nina programu ya chama cha akiba inayonisubiri na wadudu wake. Ile taa yake haipepesi hata.